Pindo la Tatu

Nianze na choo, maana siku ile ndicho nilichokifikiria kuliko kitu kingine chochote. Choo kilikuwa nje, nyuma ya jiko, karibu kabisa na sebule. Mlango wa sebule ulikuwa wazi na mvua ilikuwa imepungua. Na mimi, mwanamume mzima mwenye mke na mtoto, nilikuwa nimesimama nyuma ya mashine nimebana miguu, kwa sababu mlangoni alikuwa amekaa mama mkwe wangu.

Asiyejua ukwe wa kwetu ataniona mjinga. Vijana wa Masasi mjini siku hizi wanakaa na wakwe zao kochi moja, wanatazama tamthilia na kupokezana rimoti. Siwalaumu, na kusema kweli nawaonea wivu. Nyumba niliyooa mimi, pale Chiungutwa, haikuwa hivyo. Mimi na mama mkwe hatukutazamana usoni, hatukula mahali pamoja, hatukupishana mlangoni. Nikisikia ndala zake barazani, nazunguka uani. Yeye akisikia kikohozi changu, anajitanda kanga kichwani na kugeukia ukutani mpaka nipite. Jina langu hakulitamka hata siku moja. Hakukuwa na ugomvi wowote. Hiyo ndiyo heshima, na watu walitusifia.

Hata salamu ilikuwa na safari yake. Asubuhi nikiwa chumbani namwambia mke wangu, "Mwambie Mama shikamoo." Mke wangu anapaza sauti kidogo, "Mama, unaamkiwa huku." Kutoka chumba cha pili linakuja jibu, "Marahaba. Muulize kaamkaje." Mke wangu ananigeukia, "Anauliza umeamkaje." Tulisikiana vizuri sote watatu. Ukuta wa katikati ulikuwa haujafika kwenye bati, na juu yake panya walipita wakitutazama huku na huku.

Nilikwenda pale kwa nia ya kukaa msimu mmoja tu. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, akapangiwa kijijini kwao, na mguu wa mama yake ulikuwa umeanza kumsumbua, na mke wangu ndiye kitindamimba wake. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Newala, na fundi cherehani huhama na kazi yake. Kwetu mwanamume kuhamia kwa mkewe si jambo la kushangaza. Basi nikafunga virago vyangu nikaenda. Msimu ukaisha, ukaja mwingine, mtoto akazaliwa, nami nikaacha kuuliza tunaondoka lini.

Mashine ndiyo iliyonimaliza. Kabla sijafika, kijijini kulikuwa na kikundi cha akina mama walioshona mablanketi ya viraka. Vipande vya kanga na vitenge vinaunganishwa, chini yake inatandikwa pamba, chini ya pamba shuka, halafu vyote vitatu vinapigwa mshono kwa pamoja ili visitembee. Mgeni mmoja aliyekuwa akiwafundisha aliwaachia mashine ya kazi hiyo, na kwa kuwa mama mkwe ndiye alikuwa mwenyekiti, ikafungwa sebuleni kwake. Kikundi kikafa, kama vikundi vinavyokufa, mashine ikabaki. Ina shingo ndefu ajabu na inatembea juu ya reli, na blanketi linatandazwa kwenye mabomba ya chuma yanayotoka ukuta mmoja hadi karibu na ukuta wa pili. Kwenye cherehani unasukuma kitambaa. Hapa kitambaa kinatulia, unatembeza mashine yenyewe. Wanakijiji waliiita mkonga. Ilimeza sebule nzima, makochi yakahamia stoo na kuku wakayafurahia.

Mama mkwe alibaki na ufundi wake wa kuunga viraka kwa mkono, nami nikajifunza huo mkonga kwa kuharibu. Hivyo tukawa washirika wa kazi ambao hawajawahi kusemezana. Yeye anaunga, anakunja, anaacha juu ya kigoda. Mimi nachukua, napiga, narudisha juu ya kigoda. Akiona nimekosea mahali, anapachomeka pini. Pini zake nilizijua kuliko sauti yake.

Sasa, mtu yeyote aliyewahi kufunga kanga analijua blanketi hili. Katikati ni mji, kuzunguka ni pindo. Mji nilikuwa naushona nikiwa mbele ya mashine, mkono huru, napinda ninavyotaka. Pindo halitaki mchezo. Pindo lina mchoro wake, nami nilipenda mkufu, pete imeingia ndani ya pete, na pete hizo sharti zigeuke kwenye kona bila kukatika. Kwa hiyo unakwenda nyuma ya mashine, ambako mchoro umelazwa juu ya meza nyembamba, kwenye karatasi ndefu. Kuna kidoa chekundu cha mwanga kinachomulika karatasi. Unakifuatisha kidoa hicho juu ya mkufu, na sindano kule mbele inafanya vilevile juu ya kitambaa. Unachoshona hukioni. Unaona karatasi, na ukiinua macho unaona ukuta.

Nyuma kule panatosha mtu mmoja, na awe mwembamba. Dirisha lina nondo. Njia ya kuingilia na kutokea ni moja tu, kwenye ncha ya mabomba, na ncha hiyo iko mlangoni.

Nikiwa mbele, nashona mji, mama mkwe hakukanyaga sebule. Alikaa jikoni. Lakini nikienda nyuma kushona pindo, blanketi lililobaki lilining'inia kutoka kwenye mabomba mpaka chini, na kwa hesabu yake hilo lilikuwa pazia. Penye pazia ukwe hauvunjiki. Basi siku za pindo alikuja na mkeka wake, akautandika palepale kizingitini, akakaa amenipa mgongo, ametazama nje kwenye mwanga, na kikapu cha viraka pembeni. Akishakaa hapo, mimi ndiyo nimefungiwa. Siwezi kumruka, siwezi kumwomba apishe, siwezi hata kusema kuna mtu huku anataka kupita. Nilichoruhusiwa ni kukohoa. Nikikohoa mara moja, alikuwa anaelewa, anainuka na kwenda jikoni, nami natoka mbio. Nilichukia siku za pindo kwa moyo wangu wote.

Mwezi wa kumi na mbili uhamisho wa mke wangu ukatoka. Newala mjini. Tulikuwa tumeuomba kimyakimya, na jibu lilipokuja tulishikana mikono chumbani tukacheka bila sauti. Rafiki yangu alinitafutia nyumba kule, vyumba viwili na sebule, mlango wa mbele na mlango wa uani. Sikuwa nimeiona, lakini nilishaishi ndani yake kichwani. Nilijiona navuka sebule yangu na singlendi. Nilijiona nakohoa kwa sababu nina kikohozi, si kwa sababu naomba njia. Nilijiona nakula ugali wangu mlangoni kwangu, miguu nimeinyoosha, na anayetaka kupita aseme hodi.

Tatizo likawa moja. Nani amwambie mama?

"Mwambie wewe," nilimwambia mke wangu. "Ni mama yako."

"Mimi siwezi. Nikianza tu nitalia, na nikilia hatuondoki. Mwambie wewe."

"Mimi? Mimi sijawahi hata kumwambia asogeze kigoda."

Tukampigia mjomba wake, ambaye ndiye msemaji wa mambo ya ukoo na ndiye aliyekuja kusimamia ndoa yetu. Alikuwa Tandahimba na korosho zake. Alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi. "Wanangu, dada yangu namfahamu. Hilo la kwenu. Mimi niko kwenye foleni ya ghala hapa." Akakata. Mzee aliyezoea kusimama mbele ya watu na kupatanisha familia nzima, alimkimbia dada yake mmoja mwenye mguu mbovu.

Tukaamua, palepale kitandani, kwamba tusubiri blanketi la mteja wa Chidya. Lilikuwa la mwisho kwenye mashine. Likiisha, nitafunika mashine, halafu tutakaa chini na kutafuta namna ya kusema. Tulilipanga hilo kwa kunong'ona, tukarudia kulipanga siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Likiisha blanketi, tunasema.

Blanketi halikuisha.

Nilipiga mji, nikapiga pindo lake, la kitenge cheusi, mkufu ukageuka kwenye kona zote nne nikajisifu mwenyewe. Nikalikunja nikaliacha juu ya kigoda ili mama mkwe amalizie ukingo. Kulipokucha nikalikuta juu ya kigoda kilekile, limeongezwa pindo la pili kuzunguka lile la kwanza, la buluu, limeungwa kwa mkono vizuri kabisa.

"Mwambie Mama mteja hakuagiza pindo la pili," nilimwambia mke wangu chumbani.

"Mama, anasema mteja hakuagiza pindo la pili."

"Mwambie mji umezidiwa. Unataka kushikwa."

"Anasema mji..."

"Nimesikia," nikasema.

Nikalifunga upya kwenye mabomba, nikarudi nyuma ya mashine, yeye akarudi kizingitini. Kushona pindo kuzunguka blanketi ni kazi ndefu. Unapiga la juu na la chini, unalifungua, unaligeuza ubavu, unalifunga tena, unapiga pande mbili zilizobaki. Nilimaliza nikiwa na maumivu ya mgongo, nikaliacha juu ya kigoda. Na safari hii, unajua tena, nikalikuta na pindo la tatu. La njano.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, mke wangu alitakiwa kuripoti, na nyumba ya Newala haingetusubiri milele. Mteja naye akasikia jinsi linavyokua, akapiga simu. "Fundi," akasema, "kitanda changu ni futi sita kwa sita. Unanishonea blanketi au zulia la ukumbini?" Nikamwambia linapendeza sana. Ningemwambia nini, kwamba mshirika wangu anazidi kukuza blanketi nami sina ruhusa ya kumuuliza kwa nini? Nilianza kuamini kwamba nitazeekea nyuma ya mashine ile, napiga mkufu juu ya mkufu, na blanketi linatoka mlangoni na kutambaa kuelekea Masasi.

Basi siku hiyo niliyoanza nayo ilikuwa siku ya pindo la tatu. Mke wangu alikuwa amekwenda Masasi na mtoto kufuatilia mambo ya uhamisho, mama yake akaambiwa amekwenda kununua daftari za shule. Nilikuwa nimekunywa chai nyingi, kwa uzembe. Mvua ilianza asubuhi. Mama mkwe akatandika mkeka, akanipa mgongo, akaanza kuchagua viraka. Mimi nikawa nafuatisha kidoa chekundu. Nilikuwa nakaribia kona umeme ukakatika.

Mkonga ukanyamaza. Hapo ndipo nilipojua jinsi sauti yake ilivyokuwa inanisaidia, kwa maana sasa kila kitu kilisikika, matone kwenye bati, uzi wa mama mkwe ukipita kwenye kitambaa, hata tumbo langu. Hakukuwa na kazi ya kufanya kule nyuma. Nikakohoa.

Hakuinuka.

Nilidhani hakusikia. Nikakohoa tena, kikohozi cha mtu mwenye shida. Uzi ukaendelea kupita. Nikakohoa cha tatu, ambacho kingeweza kunilaza wodini, na bado mgongo ule haukutikisika. Tangu nioe haikuwahi kutokea. Nikajisemea, huyu mama ananifungia makusudi. Nikashika nondo za dirisha nikazitikisa kidogo, utadhani zingeachia. Nilitamani kupiga kelele. Nilitamani kulirarua blanketi lile lote, pindo kwa pindo, nipite katikati yake.

"Blanketi," akasema.

Nikaachia nondo.

"Wewe blanketi. Nasema na wewe, sisemi na mtu." Sauti yake ilikuwa nzito kuliko ile ya kupitia ukutani, na haikuwa na haraka. "Mwambie huyo aliyeko huko nyuma kwamba kuta za nyumba hii nimezijenga mimi. Nilisimama na fundi siku zote. Najua zinaishia wapi."

Nilielewa mara moja, na aibu ilinipanda kuanzia magotini. Kule kunong'ona kwetu kote, Newala, uhamisho, likiisha blanketi, tulikuwa tunanong'ona chini ya bati moja naye, tumesahau kitu tunachokitumia kila asubuhi kupitishia salamu.

"Mwambie sikukasirika," akaendelea. "Mwalimu akipangiwa anakwenda. Hata mimi nilikuwa na watoto wanne, wakaondoka mmoja mmoja, nikawapikia vitumbua vya njiani." Akakata uzi kwa meno. "Mwambie hilo pindo la pili halikuhitajika. Wala hilo la tatu. Mji haukuzidiwa na kitu."

Mvua ikaongezeka kidogo. Nikadhani amemaliza.

"Siku za mji nakaa jikoni na kuku," akasema. "Siku za pindo nakaa na mtu."

Sikuwa na mahali pa kuweka hasira yangu. Nilikuwa nayo mikononi, bado ya moto, na mtu niliyeiandaa kwa ajili yake hakuwepo tena. Miaka yote ile niliamini mimi ndiye niliyefungiwa sebuleni. Haikunipitia akilini kwamba kuna mtu alikuwa akingoja siku za pindo asubuhi nzima na mkeka wake umekunjwa, kwa sababu ndizo siku pekee ambazo heshima ilimruhusu kukaa chumba kimoja na binadamu mwenzake mchana. Hatukusemezana, lakini alinisikia nikitembea, nikisonya, nikijisemesha. Nikaona uchungu, na nikaona uchungu zaidi kwa kuwa hilo halikuniondolea hata chembe ya hamu ya kuondoka. Nilimhurumia na nilitaka kwenda zangu, vyote kwa pamoja.

"Blanketi," akaita tena, na safari hii sauti ilishuka. "Muulize mwenzako. Huko Newala, maji siku hizi yanatoka?"

Swali dogo. Lakini mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Mtu haulizi maji ya mji ambao haendi kukaa. Mama huyu, ambaye hakuwahi kulala nje ya Chiungutwa ila kwa msiba, alikuwa anauliza kama anaweza kuja nasi, na hakuwa na njia nyingine ya kuuliza.

Na jibu nilikuwa nalo. Newala iko juu, maji yanapandishwa kutoka bondeni, na yanakuja siku yakipenda. Nimekulia huko, naijua kazi ya madumu. Mwenye nyumba mwenyewe alishamwambia rafiki yangu kwamba bomba la pale linafunguliwa kwa zamu na zamu yenyewe haieleweki. Ningesema hayatoki, ningekuwa nimesema ukweli mtupu ambao kila jirani angeuthibitisha. Mama mwenye mguu ule asingehamia mahali pa kupanga foleni ya maji. Angebaki na kisima chake, tungemletea zawadi kila likizo, mke wangu asingejua lolote, na mimi ningevuka sebule yangu na singlendi mpaka kufa. Neno moja tu, tena la kweli. Nilikuwa nalo mdomoni.

"Yanatoka, Mama," nikasema.

Sikulipitishia kwenye blanketi. Lilitoka lenyewe, moja kwa moja, likavuka juu ya mabomba mpaka kizingitini. Uzi ukasimama. Nikasubiri anikemee, au ajifunike kanga na kukimbia, maana nilikuwa nimevunja kila kitu.

"Haya," akajibu bila kugeuka. Nikasikia mkeka unakunjwa, kisha ndala zikivuta mguu mbovu kuelekea jikoni.

Mlango ukabaki mtupu. Na mimi, pamoja na haraka yote niliyokuwa nayo, nilibaki nimesimama gizani nyuma ya mashine, naipanga upya ile nyumba ya Newala kichwani. Chumba cha mbele, chenye mwanga, kitakuwa chake. Mimi nitakuwa napitia uani.